Macho Makavu, Moyo Mzito

Wanyarwanda husema amarira y'umugabo atemba ajya mu nda, yaani machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Anayekulia Kanama huisikia methali hiyo kabla hajaijua maana yake: mtu mzima halii mbele za watu, humeza. Kwa hiyo mtu aliyeanzishiwa dawa za sonona anaporudi na kusema macho yamemkauka, yanachoma, yanakwaruza kana kwamba kuna mchanga chini ya kope, huku kwetu kauli hiyo haiishii kwenye jicho. Inagusa neno ambalo limebeba msiba wa kizazi kizima. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba malalamiko hayo ni taarifa kuhusu matibabu ya sonona yenyewe, na inampasa kuyashughulikia mtu yuleyule aliyeandika vidonge, juu ya meza ileile. Kumwambia mgonjwa avumilie ni kosa. Kumwacha aamue peke yake kutupa dawa ni kosa kubwa zaidi. Na makosa haya mawili, ingawa yanaonekana kupingana, yana mama mmoja: sote tumezoea kuamini kwamba moyo una mganga wake na jicho lina mganga wake, na kwamba hawa wawili hawana la kuulizana.

Kanama ni tarafa ya wilaya ya Rubavu, juu ya Ziwa Kivu, mahali barabara ya kutoka Musanze inaposhuka kuelekea Gisenyi na mto Sebeya unapopita karibu na soko la Mahoko. Ardhi ya volkano, viazi, chai kwenye miinuko, baridi ya asubuhi. Pia ni mahali ambapo kumbukumbu zimepangana kama matabaka. Yalitokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Vikafuata vita vya abacengezi, yaani wapiganaji wapenyezi, vya 1997 na 1998, ambavyo kaskazini magharibi ya nchi vilipita ndani ya mashamba na nyumba za watu. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya Goma, upande wa Kongo, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Gisenyi. Tarehe 22 Mei 2021 ikalipuka tena, na matetemeko ya siku zilizofuata yakapasua kuta za nyumba Rubavu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ikaporomosha milima na Sebeya ikaacha kingo zake. Zaidi ya watu 130 walifariki nchini, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Siyataji haya ili kuongeza huzuni. Nayataja kwa sababu yanaeleza kwa nini dawa za sonona si jambo la watu wachache hapa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta kwamba karibu watu 12 kati ya kila 100 nchini walikuwa na sonona, na miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari walikuwa 35 kati ya kila 100. Kinyarwanda kina jina lake, agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi, na jina hilo lilikuwa vinywani mwa watu kabla daktari yeyote hajaja na fomu ya maswali.

Sasa tuangalie jinsi kidonge kinavyofika kwenye jicho. Machozi tunayoyajua ni yale yanayodondoka, lakini kazi kubwa inafanywa na yale yasiyoonekana: utando mwembamba unaofunika jicho wakati wote, wenye ute unaoshika kwenye ngozi ya jicho, maji katikati, na mafuta juu ya kuzuia maji yasikauke. Maji hutoka hasa kwenye tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje, na tezi hiyo hupokea amri kutoka kwenye neva kupitia kemikali iitwayo asetilikolini. Miongoni mwa dawa za kwanza za sonona ni imipramini, ambayo Roland Kuhn alieleza matokeo yake mwaka 1957 baada ya kuijaribu katika hospitali ya Münsterlingen, Uswisi. Amitriptilini, ndugu yake, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza kabisa ya mwaka 1977, na kwa kuwa ni ya bei nafuu imetumika sana kusini mwa Sahara. Dawa hii huziba njia za asetilikolini. Ndiyo maana anayeitumia hukauka mdomo, hupata choo kigumu, huona ukungu anaposoma karibu, na macho yake hukosa maji. Hapa hakuna fumbo lolote. Ni kazi ya dawa ikifanyika mahali ambapo hatukuitaka. Fluoksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwishoni mwa 1987 na kuingia katika orodha hiyo ya dawa muhimu mwaka 2007, haizibi njia hizo kwa nguvu hiyo, na kwa wengi ni nafuu kwa macho. Hata hivyo nayo na jamaa zake, wanaofanya kazi kupitia serotonini, wamehusishwa na ukavu wa macho katika tafiti mbalimbali, na ripoti kubwa ya kimataifa kuhusu ugonjwa huu iliyotolewa mwaka 2017 iliziweka dawa za sonona miongoni mwa dawa zinazoweza kuuleta. Kwa hiyo mgonjwa anayesema kidonge kimemkausha hazushi.

Lakini pia huenda si kidonge, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji aende nami polepole, kwa sababu hukumu ya haraka imewaumiza wengi. Fikiria kalenda yetu. Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, huanza tarehe 7 Aprili, na majuma yanayofuata ndiyo ambayo majeraha ya zamani hufunguka na watu wengi zaidi hufika kutafuta msaada. Mtu akianza dawa mwishoni mwa Aprili au Mei, vidonge vinapoanza kukaa mwilini ni Juni, na Juni ndiyo mwanzo wa kiangazi, impeshyi: mvua inakata, vumbi la ardhi ya volkano linapanda barabarani, upepo unakausha kila kitu. Macho yake yangeweza kukauka bila kidonge hata kimoja. Ongeza moshi. Kanama kuna baridi, jiko ni la kuni, na mwanamke anayepika ndani hukaa ndani ya moshi saa nyingi kila siku. Ongeza vidonge vya mafua na mzio vinavyouzwa kila duka la dawa, ambavyo navyo hukausha macho kwa njia ileile ya amitriptilini. Mgonjwa hatavitaja kwa sababu havihesabu kuwa dawa. Ongeza simu: anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na mtu mwenye sonona asiyepata usingizi huikodolea hadi alfajiri. Kuna pia umri, kukoma kwa hedhi, virusi vya UKIMWI, ugonjwa wa baridi yabisi, na upungufu wa vitamini A kwa wasiokula vizuri. Na kuna mzio wa macho, ambao Rwanda si jambo la kubahatisha: watafiti waliopima watoto wa shule nchini walikuta aina yake sugu kwa karibu watoto 4 kati ya kila 100. Jicho la mzio huwasha sana. Jicho kavu huchoma na kukwaruza. Tofauti hiyo ndogo ya maneno inaweza kubadili matibabu yote, na mgonjwa ataieleza vizuri akiulizwa kwa lugha anayoitumia nyumbani.

Mshukiwa mwingine ni sonona yenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa Miami walichapisha uchunguzi wa maelfu ya askari wastaafu wa Marekani, wakakuta kwamba wenye sonona au wenye majeraha ya kiakili ya vita walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuwa na macho makavu kuliko wenzao. Sehemu ya tofauti hiyo inaweza kuwa dawa. Sehemu nyingine ni jinsi ubongo uliochoka unavyosikia maumivu: mwenye sonona huumizwa na kidogo ambacho mwingine hakioni. Madaktari wa macho wanalijua jambo hili kwa upande wao, kwamba kuna mtu ambaye vipimo vinaonyesha jicho lake ni kavu kabisa na halalamiki, na kuna mwingine ambaye jicho lake lina maji ya kutosha na hawezi kulala kwa maumivu. Nauona ugunduzi huu kuwa muhimu sana kwa nchi yenye historia kama yetu. Hauna maana kwamba maumivu ni ya kubuni. Una maana kwamba kuitibu sonona vizuri kunaweza kupunguza maumivu ya jicho, na kwamba mtu anayeacha vidonge ili kuliokoa jicho anaweza kujikuta na jicho lilelile likiuma zaidi, pamoja na ile huzuni iliyokuwa imeanza kumwachia. Na kinyume chake ni kweli: mtu asiyelala kwa sababu macho yanamchoma hawezi kupona sonona upesi, hata apewe kidonge gani.

Nimesema neno machozi limebeba mengi, na nafikiri mkanganyiko mkubwa kwenye vituo vyetu unatokana na kutotenganisha machozi. Jicho lina ya aina tatu: yale ya kulilainisha muda wote, yale yanayoruka ghafla moshi au upepo unapoingia, na yale ya hisia. Hutofautiana katika chanzo chake, na moja linaweza kukosekana huku jingine likimwagika. Ndiyo sababu mtu mwenye macho makavu anaweza kufika akiwa anabubujikwa na machozi: utando wa kulainisha umepasuka, jicho limechokozeka, nalo linajitetea kwa kumwaga maji mengi yasiyo na mafuta wala ute, yanayopita bila kusaidia. Muuguzi asiyejua hili atamtazama shavu lililolowa na kumwambia macho yako si makavu hata kidogo, na mgonjwa ataondoka akijua hakusikilizwa. Mwingine atasema macho yamekauka akiwa na maana tofauti kabisa: amekaa kwenye kumbukumbu ya ndugu zake, wote wanalia, yeye hana chozi. Dawa za kundi la fluoksetini zinaweza kupunguza makali ya hisia kiasi kwamba mtu halii hata anapotaka, na hiyo haitibiwi kwa matone ya macho. Ni suala la kipimo cha dawa, au la kubadili dawa, au la kungoja. Na wa tatu hana tatizo la jicho wala la kidonge: amefundishwa tangu utotoni kumeza, na sasa anamwambia mtu kwa mara ya kwanza kwamba hajawahi kulia. Watu hawa watatu wametumia sentensi moja. Muuguzi akiuliza tu, "Yanauma, au hayatoki?" tayari amewatenga wawili kati yao, na swali hilo halihitaji mashine.

Pingamizi la kwanza dhidi yangu ni lile la wanaosema kwamba jicho ni jambo dogo. Mtu aliyekuwa hatoki kitandani sasa analima, wanasema, na wewe unatuletea habari za macho kuchoma? Kiswahili cha kliniki kimelipa wazo hili jina la kustarehesha: maudhi madogo madogo. Nalielewa jina hilo; lilibuniwa ili watu wasiogope dawa. Ila nani anapima udogo? Anayechambua chai anahitaji kuona jani, fundi cherehani anahitaji kuona tundu la sindano, dereva wa pikipiki kwenye mteremko wa kwenda Gisenyi anahitaji macho yasiyofumba kwa upepo, mwalimu anahitaji kusahihisha daftari 50 jioni. Kwa watu hawa jicho linalochoma ni pato linalopungua, na pato linalopungua ni mlango uleule ambao sonona iliingilia mara ya kwanza. Kuna hoja ya pili, na ndiyo inayonishughulisha zaidi. Dawa za sonona huanza na madhara na kuchelewesha faida. Macho na mdomo hukauka wiki ya kwanza. Moyo huanza kupata nafuu baada ya wiki mbili, tatu au nne. Katika pengo hilo mgonjwa ana ushahidi kamili kwamba dawa inamdhuru na hana hata mmoja kwamba inamsaidia. Akiambiwa avumilie bila kuelezwa, atafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya: ataacha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hakuficha. Alisema, na sisi ndio tuliokiita kidogo.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, na lina nguvu zaidi, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu zaidi. Kama vidonge vinakausha macho, kwa nini tusiviache na kutumia njia zetu? Watu huponeshana kwa mazungumzo, kwa sala, kwa kukaa pamoja. Siyadharau hayo, na ushahidi hauyadharau. Mwaka 2003 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, ambapo watu wenye sonona walikutana kwa vikundi vilivyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Katika vikundi hivyo, waliokuwa na sonona walishuka kutoka 86 hadi chini ya 7 kati ya kila 100. Katika vijiji vya kulinganishia walishuka kutoka 94 hadi kama 55 tu. Hapa Rwanda, utaratibu wa Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye, ulioanzia Byumba mwaka 2005, umekusanya watu waliotengana kwa damu na kuwakalisha duara moja wiki baada ya wiki. Basi mtu mwenye sonona ya wastani ambaye dawa inamtesa macho ana haki kamili ya kuuliza kama kikundi kinaweza kumtosha, na mtaalamu anayemjibu kwa hasira hajatenda haki. Ila kuna mambo mawili. La kwanza, wapo ambao sonona yao ni nzito kiasi kwamba hawawezi kufika kwenye duara lolote, hawali, hawalali, au wanafikiria kufa. Hao kidonge ndicho kinachowafikisha kwenye kikundi, na kuwanyima kwa ajili ya jicho ni kuwaweka hatarini. Mwenye mawazo ya kujiua apelekwe kituoni siku hiyohiyo, na namba ya gari la wagonjwa nchini, 912, haina malipo. La pili, kuacha ni kazi ya kupangwa. Anayekata ghafla anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, kukosa usingizi, hofu, mishtuko kama ya umeme kichwani. Naye akidhani sonona imerudi, au kwamba amerogwa, hofu hiyo itamrudisha nyuma miezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoa huduma wasio mabingwa unashauri dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya mtu kupata nafuu, kisha ipunguzwe taratibu kwa muda usiopungua wiki nne. Kuchagua kikundi badala ya kidonge kunawezekana. Kunafanyika kwa mpango, huku mtu akifuatiliwa, si kwa kutupa pakiti ndani ya Sebeya.

Watakaosema huduma hizi za macho na za akili haziko Kanama wanasema nusu ya kweli. Daktari bingwa wa macho hakai kwenye kituo cha afya cha tarafa, na kumfikia Kabgayi au Kigali ni nauli na siku za kazi. Lakini Rwanda ilifanya jambo ambalo nchi nyingi hazijafanya: ndani ya miaka michache ya mwongo uliopita wauguzi zaidi ya 2,000 kutoka vituo vyote vya afya walifunzwa huduma ya msingi ya macho. Na tangu nchi ilipoamua kuitoa afya ya akili nje ya kuta za Ndera, hospitali iliyoanzishwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1968, kila hospitali ya wilaya imekuwa na sehemu yake ya afya ya akili. Maana yake ni kwamba huduma zote mbili zimeshuka karibu na mtu, na mwenye mituweli, bima ya afya ya jamii, hulipa kidogo tu kwenye kituo cha afya. Kinachokosekana ni mazungumzo kati ya chumba kimoja na kingine. Kipimo chenyewe cha ukavu wa macho hakitishi. Otto Schirmer alikieleza mwaka 1903: ukanda wa karatasi ya kunyonya, upana wa milimita 5, ncha yake ikikunjwa na kuning'inizwa kwenye kope la chini kwa dakika 5. Unyevu ukipanda chini ya milimita 5, jicho ni kavu sana; ukipita 10, kwa kawaida maji yapo. Ningependa kipimo hiki kifanyike kabla ya kidonge cha kwanza, hasa kwa mwenye umri mkubwa au mwenye macho yanayomsumbua tayari, kwa sababu bila namba ya mwanzo hakuna atakayejua baadaye nani alikausha nini. Shinikizo la damu hupimwa kabla ya dawa zake, na hakuna anayeliita hilo anasa.

Kuhusu namna ya kuendelea, nina msimamo mmoja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mgonjwa aliyekata tamaa hubadilisha vyote kwa siku moja, anapunguza dozi, ananunua matone, anahamia kwa mganga, na akipata nafuu au akizidiwa hajui sababu. Kwanza yashughulikiwe yasiyo na hatari: moshi wa jiko, vidonge vya mafua visivyo vya lazima, simu ya usiku, na kitambaa safi cha maji ya vuguvugu juu ya kope zilizofungwa dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni, kinacholainisha mafuta ya zile tezi za ukingo wa kope ambazo Heinrich Meibom alizieleza mwaka 1666. Kisha matone ya kulainisha, yale yanayoitwa machozi ya dawa. Hapa nitoe onyo, kwa sababu maduka ya Mahoko, Gisenyi na Goma huuza matone ya kila namna na mnunuzi huchagua kwa rangi ya boksi. Matone ya kuondoa wekundu huupunguza kwa saa chache kisha huurudisha. Matone yenye steroidi huleta nafuu tamu na, yakitumika bila kusimamiwa, yanaweza kuleta glakoma na mtoto wa jicho. Hata machozi ya dawa mengi yana kemikali ya kuyahifadhi yasioze, ambayo ikidondoshwa mara nyingi kwa siku hulichokoza jicho lilelile. Majani yaliyotwangwa na maji ya dawa ya kienyeji yasiguse jicho kabisa. Na maumivu makali ya ghafla, jicho jekundu, duara za rangi kuzunguka taa, kichefuchefu: hiyo ni dharura. Baadhi ya dawa hizi zinaweza kuziba njia ya maji ya ndani ya jicho kwa mtu aliyeumbwa na njia nyembamba, na uoni unaweza kupotea ndani ya siku chache.

Hayo yasipotosha baada ya wiki kadhaa, ndipo kidonge kiwekwe mezani. Muda wa kunywa unaweza kubadilishwa, dozi inaweza kushushwa kama sonona imetulia, na anayetumia amitriptilini anaweza kuulizia fluoksetini au sertralini, ambazo kwa kawaida ni laini zaidi kwa macho. Katika kundi hilo paroksetini ndiyo inayokausha zaidi, kwa hiyo si ya kuhamia. Kuhamisha huku kusifanyike karibu na tarehe 7 Aprili kama hakuna hatari, wala siku ambazo familia inazika au mto umejaa. Najua wauguzi wana foleni ndefu na dakika chache. Hata hivyo huu ndio uamuzi ambao mgonjwa hawezi kuufanya peke yake na daktari hawezi kuufanya bila mgonjwa, kwa sababu mmoja anajua dawa na mwingine anajua gharama ya kutoona vizuri saa kumi na moja jioni akiwa na kundi la mbuzi kilimani. Wapo watakaochagua kubaki na dawa ileile na matone mfukoni. Wapo watakaosema heri macho yachome kuliko kurudi kule walikotoka. Uchaguzi huo ni halali, mradi umefanywa na mtu aliyeelezwa.

Yote haya yaandikwe. Kwa Kiswahili, lugha ambayo Rwanda iliifanya rasmi mwaka 2017 na ambayo Gisenyi imeizungumza kwa miongo mingi kwa sababu ya mpaka, kumbukumbu ni kile kinachobaki moyoni na ni kile kinachobaki kwenye karatasi. Kila Aprili tunaonyesha jinsi tunavyoiheshimu ile ya kwanza. Ya pili ndiyo dhaifu kwenye daftari la mgonjwa: dawa imetajwa, dozi imetajwa, na kuhusu macho hakuna neno. Sonona ina tabia ya kurudi, na ikirudi baada ya miaka mitatu muuguzi mwingine ataanza upya, pengine na kidonge kilekile kilichomkausha mtu huyu akakitupa. Mistari mitatu ingemwokoa: alianza amitriptilini mwezi Mei, ukanda ulikuwa milimita 12, Julai alilalamika, ukanda ukasoma 4, alihamishiwa fluoksetini, Oktoba ukasoma 9, na analala.